Dawa isiyokubali maji: Kwa nini kapsuli haigeuzwi kuwa matone ya macho

JUMAMOSI moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni katika duka la dawa mjini Kitengela, hatua chache kutoka barabara kuu ya Namanga, wakati mama aliyenitangulia alipofungua fundo la leso na kutoa kapsuli mbili za rangi mbili. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto mwenye macho mekundu, kope zake zimegandamana kwa usaha. Ombi lake lilikuwa jepesi. Alitaka kapsuli zile zifunguliwe, unga wake ukorogwe katika maji safi, kisha utiwe katika kichupa cha matone apate kumtilia mtoto machoni. Alieleza kwamba marhamu aliyopewa zahanatini ilimfanya mtoto aone ukungu, tena ilikusanya vumbi usoni.

Mfamasia, kijana mpole, alikataa. Mama akadhani ananyimwa kwa sababu ya uhaba wa fedha, au labda wa maji. "Daktari, maji ninayo," alisema, na kweli akatoa chupa kapuni.

Mimi nilikuwa nimefuata dawa yangu ya shinikizo la damu, lakini nilirudi nyumbani na swali la yule mama. Kuna ugumu gani kuyeyusha unga kidogo katika maji? Sisi tunaoishi kwa kunyoosha sentensi za wengine huwa hatuna raha mpaka tujue neno linalokosekana. Nilipoanza kusoma na kuuliza wenye taaluma, niligundua kwamba jambo alilolikataa kijana yule kwa dakika mbili ni miongoni mwa matatizo makongwe katika utengenezaji wa dawa, na kwamba limewahi kuua watu.

Tuanzie jikoni. Sukari ukiitia katika chai na kuikoroga, hupotea machoni. Kila tone la chai, la juu au la chini ya kikombe, huwa na utamu uleule. Huko ndiko kuyeyuka, na kinachopatikana huitwa mmumunyo. Sasa chukua unga wa mahindi uutie katika maji baridi. Maji yatakuwa meupe na utadhani umefanikiwa, lakini ukigeuka kushughulika na jambo jingine kwa muda mfupi utakuta unga umetua chini, na maji ya juu yameanza kuwa safi. Unga haukuyeyuka, ulitawanyika tu. Dawa nyingi zinazoua bakteria, yaani viuavijasumu au antibiotiki kama wengi tulivyozoea kuziita, zina tabia ya unga wa mahindi kuliko ya sukari. Molekuli zake ni kubwa na zina sehemu nyingi zenye asili ya mafuta, na maji hayapatani na mafuta.

Mfano mzuri ni kloramfenikoli, dawa inayojulikana mno katika matone ya macho humu nchini. Ilipatikana mwaka 1947 kutoka kwa vijidudu vya udongo wa Venezuela. Mililita moja ya maji ya kawaida hubeba takriban miligramu 2.5 tu za dawa hii. Matone ya macho yanayouzwa madukani, kwa upande mwingine, yana ukolezi wa asilimia 0.5, maana yake miligramu 5 katika kila mililita. Hiyo ni mara mbili ya kiwango ambacho maji yenyewe yanaweza kukibeba.

Msomaji na apige hesabu. Kichupa cha mililita 10 kinahitaji miligramu 50 za dawa. Ukitumia maji matupu, miligramu 25 zitayeyuka na 25 zitabaki chini kama mchanga. Kapsuli moja ya kloramfenikoli ya miligramu 250 ingehitaji mililita 100 za maji ili iyeyuke yote, na hata hapo ungekuwa umepata nusu ya ukolezi unaotakiwa. Anayetikisa kichupa cha namna hiyo kisha akadondoshea jicho hajui anatoa nini. Tone la kwanza laweza kuwa hafifu mno lisidhuru bakteria yeyote, na tone la mwisho likawa tope la chembe ngumu zinazokwaruza kioo cha mbele cha jicho kila mtoto anapopepesa.

Je, viwandani hufanyaje? Hutumia boraksi na asidi ya boriki. Viwili hivi hushikana na kloramfenikoli kwa namna inayoiwezesha kukubali maji zaidi, na papo hapo huweka ukali wa maji hayo karibu na ule wa machozi. Hata hivyo, ushindi huo una masharti yake. Dawa ikishakuwa ndani ya maji huanza kuvunjika polepole, na joto huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana kichupa huagizwa kiwekwe katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kikishafunguliwa kitupwe baada ya siku 28 hata kama kimebaki nusu. Ni sharti gumu kwa boma lisilo na umeme upande wa Isinya au Mashuuru, na sioni faida ya kujifanya kwamba ni jepesi.

Dawa hiyohiyo hutengenezwa pia kwa ajili ya masikio, na hapa ndipo mambo yanapovutia. Matone ya masikio huweza kuwa na asilimia 5 au hata 10 ya kloramfenikoli, yaani mara kumi au ishirini ya yale ya macho. Yanawezekanaje? Maji yameondolewa kabisa. Mahali pake pametiwa propilini glikoli, kimiminiko kizito kidogo kisicho na rangi, chenye utamu wa mbali, ambacho huyeyusha dawa nyingi zinazokataa maji. Ngozi ya tundu la sikio hukivumilia, ingawa wengine huwashwa. Jicho halikivumilii. Na ikiwa kiwambo cha sikio kimetoboka, hata huko sikioni kinaweza kuleta madhara. Hivyo vichupa viwili vyenye jina moja la dawa, vikiwa vimepangwa pamoja kwenye rafu ya nyumbani, si ndugu hata kidogo.

Kwa chunusi, erithromaisini ina kisa kinachofanana. Huyeyuka kidogo sana katika maji, na la ajabu ni kwamba huyeyuka kidogo zaidi maji yanapopashwa moto, kinyume cha tulivyozoea kwa sukari. Kwa hiyo mmumunyo wake wa kupaka, wenye asilimia 2 ya dawa, hutengenezwa kwa spiriti. Ukipakwa shavuni spiriti huruka hewani na kuacha dawa juu ya ngozi. Ukipakwa kwenye kidonda kibichi mgonjwa atapiga mayowe. Katika dawa za kupaka na za kudondosha, kiyeyushi ndicho kinachoamua dawa iende wapi mwilini.

Turudi kwa kapsuli za yule mama. Mfamasia alizitambua kuwa tetrasaiklini, ambayo watu wengi Afrika Mashariki wamezoea kuifungua na kuunyunyiza unga wake juu ya vidonda. Mtu atasema tetrasaiklini huyeyuka, na hatakuwa amekosea kabisa. Katika kapsuli nyingi dawa hii huwa imegeuzwa kuwa chumvi ya haidrokloridi, ambayo huingia majini vizuri. Lakini maji yanayotokana na kuyeyuka huko huwa na asidi kali, ya kiasi cha maji ya ndimu. Hebu fikiria kumkamulia mtoto mchanga ndimu katika jicho ambalo tayari limevimba.

Yaache maji hayo yakae, nayo yataanza kuchafuka, kwa kuwa chumvi ile hujitengua na kuirudisha tetrasaiklini katika umbo lake la asili lisilopenda maji. Maji ya kisima yenye magadi huharakisha mambo kwa kuiua asidi. Yakiwa na kalsiamu au magnesiamu, madini hayo huing'ang'ania dawa na kuidhoofisha. Hiyo ndiyo sababu wagonjwa wanaomeza tetrasaiklini huonywa wasiimeze kwa maziwa. Anayeijua ladha ya maji ya visima vingi vya Kajiado ataelewa kwa nini chupa ya mama yule, hata kama maji yake yalikuwa safi kwa macho, isingefaa.

Marhamu iliyomkera ndiyo jibu la matatizo hayo yote. Ndani ya kijibomba kile mna asilimia 1 ya tetrasaiklini iliyosagwa kwa ulaini mkubwa na kusambazwa katika mafuta ya parafini. Hakuna maji, basi hakuna cha kuivunja upesi. Mafuta hukaa jichoni muda mrefu kuliko tone, ambalo kwa mtoto anayelia hutiririka shavuni kabla halijafanya kazi. Ukungu alioulalamikia ni mafuta yenyewe, na huondoka baada ya muda mfupi.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini jambo hili lipewe uzito wote huu. Sababu ni kwamba Kajiado ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako trakoma, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita vikope, umewapofusha watu kwa vizazi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2004 katika wilaya sita za wakati huo ulihusisha Kajiado pamoja na Narok, Samburu, Baringo, Pokot Magharibi na Meru Kaskazini. Ugonjwa huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, anayesafiri kwa vidole, leso na nzi wanaotua katika nyuso za watoto. Jicho huambukizwa, hupona, huambukizwa tena. Baada ya miaka mingi, makovu ya ndani ya ukope huuvuta ukope wenyewe, na nywele za kope zikageukia ndani na kukwaruza jicho mpaka nuru izime. Wanawake ndio huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Wapo wanaozing'oa nywele hizo kwa koleo ndogo wapate nafuu ya siku chache.

Mkakati unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una mambo manne, nayo ni upasuaji wa kope, viuavijasumu, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Kiuavijasumu kinachogawiwa kwa umma ni azithromaisini ya kumeza, inayotolewa bure na kampuni ya Pfizer chini ya mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1998. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita hawapewi hiyo. Wao hupakwa marhamu ya tetrasaiklini mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Azithromaisini nayo haipendi maji, na ndiyo maana ile ya watoto huja kama unga wa kuchanganywa, na mhudumu hutakiwa kuitikisa chupa kabla ya kumpa kila mtoto. Asipoitikisa, wa kwanza kwenye mstari watapata maji matamu na wa mwisho watapata dawa ya wenzao.

Tukumbuke pia kwamba si kila jicho jekundu la Kitengela ni trakoma. Vumbi, mzio na virusi huleta wekundu uleule, na kwa hayo antibiotiki haisaidii kitu, iwe imeyeyuka au haikuyeyuka. Nayo dozi hafifu, inayowagusa bakteria bila kuwaua, ndiyo shule wanamojifunzia usugu.

Hata tukichukulia kwamba dawa imeyeyuka barabara, bado kuna suala la vijidudu. Kinachowekwa juu ya ngozi nzima kinaweza kuwa safi tu, lakini cha jichoni lazima kisiwe na kijidudu hata kimoja. Watengenezaji hutumia maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha maji ya sindano, hupitisha mmumunyo katika chujio lenye vitundu vya maikromita 0.22 ambavyo bakteria hapiti, kisha huongeza kihifadhi. Maji yaliyochemshwa kwenye sufuria na kupozwa hayafikii hapo. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, anayeishi kwa raha katika maji na mabomba, anaweza kuliharibu jicho katika muda wa siku moja au mbili. Mwaka 2023 Marekani ilihesabu wagonjwa 81 walioambukizwa katika mkurupuko uliohusishwa na matone ya machozi bandia ya kiwandani. Wanne walifariki na 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Ikiwa kiwanda chenye mashine kiliweza kuteleza namna hiyo, kaunta ya duka penye vumbi la malori ya Namanga haina cha kujitetea.

Kiyeyushi nacho kimewahi kuua. Mwaka 1937, kampuni moja ya dawa huko Tennessee, Marekani, ilitaka kutengeneza sulfanilamidi ya maji kwa ajili ya watoto. Sulfanilamidi ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za kupambana na bakteria, na ilikuwa na ukaidi uleule wa kukataa maji. Mkemia wa kampuni alijaribu viyeyushi hadi akapata kimoja kilichoiyeyusha vizuri, daiethilini glikoli. Dawa ikatiwa rangi na ladha ya matunda. Ikapimwa sura, ladha na harufu, lakini hakuna aliyepima iwapo ni sumu, ilhali sheria ya wakati huo haikumlazimisha mtu kufanya hivyo. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria iliyowataka watengenezaji wathibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Daiethilini glikoli inafanana mno kwa sura na propilini glikoli niliyoitaja hapo juu, na ni ya bei nafuu zaidi. Wafanyabiashara wasio waadilifu wamewahi kuiuza kwa jina la mwenzake. Nchini Nigeria, kati ya 2008 na 2009, watoto zaidi ya 80 walifariki kwa dawa ya meno yanayoota iliyokuwa na sumu hiyo. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Gambia, ambako vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa. Hapa kwetu, Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani baada ya wadhibiti wa Nigeria kutangaza kwamba wamekuta daiethilini glikoli ndani yake. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuikuta. Mwenye duka anayenunua mtungi wa kiyeyushi mitaani River Road bila cheti cha maabara hana njia ya kujua amebeba kipi kati ya hivyo viwili.

Nisieleweke vibaya. Kuchanganya dawa ni kazi halali na ya heshima ya mfamasia. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafundisha wafamasia tangu mwaka 1974, na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura 244, inawatambua wao na kazi yao. Losheni za ngozi na marhamu huchanganywa hospitalini mara kwa mara. Ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC hutengeneza krimu ya kuwakinga wenye ualbino dhidi ya jua. Tofauti iko kwenye chumba, mizani, maji na vipimo, na kwa dawa ya macho masharti hayo huwa makali maradufu.

Katika nchi ya wafugaji yafaa niongeze neno kuhusu chupa ya oksitetrasaiklini ya ng'ombe, ambayo haikosekani katika boma nyingi. Ile ya sindano imeyeyushwa kwa usaidizi wa magnesiamu na viyeyushi vilivyokusudiwa msuli wa mnyama. Ile ya kupuliza kwenye vidonda aghalabu imebebwa na spiriti iliyotiwa rangi ya buluu. Jina la dawa linakaribiana na la marhamu ya mtoto, lakini kimiminiko kilichomo hakijawahi kukusudiwa jicho.

Mambo haya yote mfamasia wa Kitengela hakuyasema. Foleni ilikuwa ndefu. Alichofanya ni kumwomba mama kijibomba cha marhamu, ambacho alikuwa nacho mkobani kikiwa karibu kimejaa, akamwonyesha. Kwanza anawe mikono na amwoshe mtoto uso. Kisha avute ukope wa chini taratibu, aweke marhamu ya urefu wa sentimita moja hivi bila ncha ya kijibomba kugusa jicho, na kuyafuta mafuta yanayobaki nje ili vumbi lisishike. Asubuhi na jioni, kwa siku zote alizoandikiwa, hata macho yakiwa yameshatakata. Alichukua kalamu akaandika tarehe ya kufunguliwa juu ya boksi.

Mama alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni alipouliza kuhusu nyanya ya mtoto, ambaye kope zake zinamchoma na hushinda akifuta machozi. Kijana aliweka kalamu chini. Huyo, alisema, hana dawa ya kumuuzia. Apelekwe hospitali ya rufaa ya Kajiado, kitengo cha macho, wiki hiyohiyo.